Mkono wa Marehemu

Wivu wa mtu aliye hai una dawa. Ukimwonea wivu jirani utamnunia, utamsengenya, halafu siku moja utamkuta anaumwa tumbo ukamwonea huruma, yakaisha. Lakini ukimwonea wivu marehemu, ndugu yangu, umekwisha. Marehemu haumwi, hazeeki, hakosei tena. Ya kipuuzi aliyoyafanya watu wameshayasahau, na mazuri yake yametiwa chumvi mpaka yamezidi. Huyo ndiye aliyekuwa mshindani wa Pindo, na walikuwa wakiishi nyumba moja.

Pindo alikuwa fundi cherehani mwenye kiduka chake cha kushonea. Jina hilo walimpa wateja, maana hakuna aliyemfikia kwa kukunja pindo la suruali. Alikuwa akilitazama kwanza, analizungusha kidoleni, ndipo analishona, na likishashonwa hulioni. Alichelewa kuoa. Alipooa, alimwoa mjane aliyekuwa akiuza barafu na maji ya matunda hapo mtaani, mwanamke mchangamfu, mwenye mikono isiyotulia, aliyejulikana na wote kama Mama Barafu. Alimwoa kwa kumpenda, wala tusimsingizie. Kwa kuwa bibi alikuwa na nyumba na bwana alikuwa na chumba cha kupanga, Pindo ndiye aliyehama. Aliingia na cherehani yake, sanduku la nguo na furaha tele.

Furaha haikukaa. Kila alichokigusa humo ndani alikuta kimeshaguswa.

"Hiyo feni usiizime kwa kitufe chake," mkewe alimwambia siku za mwanzo. "Kitufe kilikufa, imeungwa moja kwa moja. Izime ukutani."

"Nani aliiunga?"

"Siku nyingi hizo," mkewe alijibu, akaendelea kukamua machungwa.

Pasi ilikuwa na waya uliokatika ukaungwa kwa utepe mweusi. Redio, kitufe chake cha sauti kilikuwa kifuniko cha chupa ya dawa. Blenda ilisimama juu ya miguu ya raba iliyokatwa kwenye kandambili. Na lile friza kubwa la sebuleni, ambalo ndilo duka la Mama Barafu na ndilo mkono wake wa kulia, kwa nyuma lilikuwa na utepe huo huo mweusi kila mahali.

Kama Pindo angekuwa mwalimu au mwendesha gari, pengine angepita tu. Lakini fundi cherehani akiona kazi ya mkono haoni kazi, anauona mkono. Ule utepe ulizungushwa kwa mshazari, kila mzunguko ukilalia nusu ya mwenzake, na mwishoni ukakunjwa kijipindo kidogo ili atakayekuja baadaye apate pa kuushika akitaka kuubandua. Kilikuwa kijipindo safi, na huo usafi ndio uliomuuma. Mtu akikushinda kwa ujanja unaweza kusema ni tapeli. Akikushinda kwa usafi utasemaje?

Na kama hayo hayakutosha, kulikuwa na Dada Mkubwa.

Huyu alikuwa dada wa marehemu, mama wa makamo, mnene, mwenye mgahawa karibu na maofisi. Kila alasiri alikuja na ndoo yake kuchukua barafu kwa wifi yake. Alimpenda Pindo, hilo halina ubishi, na alikuwa akimwita shemeji bila kinyongo. Lakini alikuwa na tabia ya kuliegemea lile friza, analipapasa mgongoni, kisha anasema: "Mkono wa kaka yangu huu. Yeye hayupo, mkono unafanya kazi."

Kisha huanza hadithi. Kwamba marehemu, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha lori, hakusomea umeme popote. Kwamba alikuwa akifungua kitu leo, anakichokoachokoa, halafu anakiacha wazi mezani, parafujo kwenye kisahani, na kwenda kazini. Kesho yake akirudi anafunga kifuniko, anachomeka, kitu kimepona. "Alikuwa anasema kazi lazima ilale, shemeji. Kazi isiyolala haiponi. Mtaa mzima walikuwa wanamletea redio zao."

Pindo alikuwa akisikiliza huku akitabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa chungu kama shubiri. Alikuwa akimtazama mkewe apate kujua anaficha nini. Mkewe alikuwa akijaza ndoo barafu, macho chini, hasemi ndiyo wala hapana. Pindo alijiambia: anamkumbuka. Anamkumbuka, ananionea aibu.

Basi siku moja feni ikagoma. Joto lilikuwa kali, jasho linadondokea vitambaa vya watu. Mama Barafu alisema, "Tumwite fundi wa umeme aje aitazame."

"Marehemu alikuwa anaita fundi?"

Mkewe alimtazama kidogo. "Hapana."

"Basi na mimi siiti."

Alichukua bisibisi akaifumua ile feni sakafuni. Sasa niambie wewe, mtu ambaye maisha yake yote ameshika sindano ataona nini ndani ya feni? Aliona shaba imezungushwa nyingi, vumbi, na nyaya za rangi rangi zinazokwenda asikokujua. Alivuta huu, akasukuma ule. Alipiga chafya. Jasho lilimwishia. Mwisho akakumbuka, akapangusa mikono kwa heshima zote, akatangaza, "Iache hivyo hivyo. Kazi lazima ilale." Akaenda zake dukani.

Aliporudi jioni alifunga kifuniko, akakaza parafujo, akachomeka. Feni ikavuma.

Weee, usiulize. Kichwa kilimvimba kisiingie kofia. Wateja dukani walisimuliwa, waliokuja kupimwa na waliopita kuuliza njia. Dada Mkubwa alisimuliwa mara mbili. "Afadhali," alisema yule mama, "nyumba imepata mrithi." Pindo alilimeza neno mrithi likamkwama, maana mrithi hula cha mwenzake. Na mkewe je? Mkewe alisema hongera, mume wangu, akasimama kidogo karibu na feni kama anangoja kitu. Pindo naye alingoja kitu: alitaka asikie kuwa amempita yule. Kila mmoja alingoja chake, hakuna aliyepata, wakaenda kula.

Hapo ndipo shetani wake alipokolea. Kama naweza kutengeneza, Pindo aliwaza, kwa nini niendelee kuishi na viraka vya mwanamume mwingine? Akiona mshono wa mtu kwenye gauni la mkewe, fundi cherehani gani atauacha? Ataufumua, aushone upya. Akaanza na pasi.

"Pasi ina nini?" mkewe aliuliza alipomkuta anabandua utepe.

"Naitengeneza."

"Haijaharibika."

"Imefungwa vibaya."

"Imefungwa vizuri sana hiyo. Kisichovunjika hakiungwi, bwana. Iache."

"Unamtetea."

"Namtetea nani?"

"Unamjua."

Mama Barafu aliweka mikono kiunoni. "Naitetea pasi," alisema, akatoka nje.

Ungekuwa wewe ungeshtuka. Pindo hakushtuka. Wivu ukishamkaa mtu kichwani, kila anachosikia kinageuka ushahidi. Aliibandua pasi, akaifunga kwa utepe wake mpya, mwekundu, ili ijulikane. Ilimpiga shoti siku ya kwanza na siku ya pili haikuwaka. Akaigeukia redio, akaing'oa kile kifuniko cha chupa. Redio ikabaki inakoroma. Akaigeukia blenda. Zote alizilaza mezani wazi wazi, parafujo kwenye visahani, akaenda kazini kama mila inavyotaka. Zililala kweli, na hazikuamka. Mama Barafu alizipita kila siku akielekea jikoni, uso umefungwa, mikono ameifungia kwenye khanga, hazigusi wala hazitazami.

Dada Mkubwa alipoikuta redio iko matumbo nje, alitikisa kichwa. "Lo, marehemu angekuwepo." Hakuwa na nia mbaya. Lakini Pindo alipata kijiba cha moyo, na tangu hapo alilala na kuamka na wazo moja tu. Friza. Hicho ndicho kiti cha yule bwana. Siku friza litakapovuma kwa kazi yake yeye, siku hiyo mkewe atakuwa mkewe mzima mzima, si nusu wa kwake na nusu wa makaburini. Asipolipata hilo, atakuwa mpangaji humo ndani mpaka afe.

Mchana mmoja Mama Barafu alikwenda sokoni kutafuta maembe. Pindo alifunga duka, akarudi nyumbani na bisibisi, utepe mwekundu na mkasi wake wa kazini.

Alichomoa plagi, maana hakuwa mwendawazimu. Alilivuta friza kutoka ukutani, likalia sakafuni kama linakataa. Akapiga magoti nyuma yake. Huko kulikuwa na ule mkono, umetulia, nadhifu, na vijipindo vyake. Pindo aliutazama kwa chuki ya kweli. Akabandua kiraka cha kwanza, akaunganisha nyaya zile zile kama zilivyokuwa, akafunga chekundu. Cha pili, cha tatu. Kazi ilikwenda vizuri, na alianza hata kupiga mluzi.

Ndipo alipouona ule mkia. Kwenye ubavu wa friza palikuwa na kidude kidogo kilichofungwa kwa waya, na kutoka hapo kulitokea kamba nyembamba ya shaba, nyembamba kama uzi mnene wa kushonea magunia, ndefu kuliko ilivyohitajika. Sehemu yake iliingia ndani ya friza kwa kitundu. Iliyozidi ilizungushwa zungushwa ikaachwa inaning'inia.

Hapa naomba umwelewe. Miaka yote Pindo aliwafundisha wanaojifunza kwake neno moja: nguo haijakwisha kama kuna uzi unaning'inia. Hakujua kuwa kile kidude ndicho kinachoiamuru mashine iwake au izime, na kwamba hiyo kamba haikuwa waya bali kijibomba chenye hewa yake ndani, na hewa hiyo ndiyo inayohisi baridi. Yeye aliona uzembe. Alifurahi, tena sana. Kumbe bwana mkubwa naye alikuwa anaacha nyuzi! Akachukua mkasi, akakata, akapangusa shaba kwenye suruali.

Alichomeka plagi. Friza likanyamaza.

Akachomoa, akachomeka. Kimya. Akafunua mfuniko akachungulia, akauacha wazi, akalipiga kofi ubavuni. Kimya. Barafu ilianza kulia matone, na maji yakatafuta njia sakafuni. Pindo alishikwa na baridi kuliko friza lenyewe. Dada Mkubwa angefika alasiri na ndoo. Mkewe angefika kabla yake.

Akili ya mtu aliyebanwa hukimbilia pa karibu. Alisema huenda waya wa friza umekatika ndani kwa ndani. Ataazima wa feni. Feni alikuwa akiijua, feni ni kazi ya mkono wake. Akaichukua, akafungua kifuniko kile alichokifunga mwenyewe.

Ndani, mahali waya unapoingia, palikuwa na utepe mweusi. Ulikuwa mpya, unang'aa. Umezungushwa kwa mshazari, kila mzunguko ukilalia nusu ya mwenzake. Na mwishoni, kimekaa kwa juu kabisa pa kuonekana, kulikuwa na kijipindo.

Nywele zilimsimama. Yule bwana alikuwa chini ya udongo tangu kabla Pindo hajaijua hiyo nyumba. Kwa muda, na usimcheke, Pindo aliamini kwamba marehemu amekuja akaitengeneza feni, kwa kumkomoa tu. Aligeuka akatazama nyuma.

Mlangoni alisimama mkewe na kikapu cha maembe.

Mama Barafu aliyaona maji, akaliona friza limetolewa ukutani, akaiona feni mapajani mwa mumewe. Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akaufunika mfuniko wa friza, akapiga magoti kule nyuma. Akauona ule mkia. Alikiokota kipande kilichokatwa, akakigeuza kiganjani.

"Umekata," alisema.

"Kilikuwa kinaning'inia."

Alifumba macho kidogo. Kisha alinyoosha mkono kwenye rafu ya chini, nyuma ya makopo ya sukari, akatoa kifuko cha kitambaa. Ndani yake mlikuwa na koleo, bisibisi na utepe mweusi. Alikifungua kile kidude kama mtu anayemenya karanga, akazitoa nyaya mbili, akazisokota pamoja, akavuta utepe. Pindo alivitazama vidole. Vilizungusha kwa mshazari, kila mzunguko ukilalia nusu ya mwenzake, na vilipofika mwisho vikakunja, bila hata yeye mwenyewe kutazama, kijipindo.

Pindo alipigwa na butwaa. Alikaa chini pale pale kwenye maji.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Zote?"

"Pasi, redio, blenda, hili friza. Na redio za mtaa mzima. Na feni yako."

"Ulijifunza wapi?"

"Kwa kufungua vitu. Wewe ulijifunzaje kukata suruali?"

"Kwa kuziharibu."

"Basi ndivyo."

"Na yeye?"

Mama Barafu alifuta mikono kwenye khanga. "Mwanzo ilikuwa pasi. Aliifungua mbele ya dada yake, akajisifu, ikamshinda. Alikwenda kazini uso umemwanguka. Nikaihurumia pasi, nikamhurumia na yeye. Aliporudi akachomeka, ikawaka. Alifurahi mno, nikashindwa kumwambia. Kesho yake akaja jirani na redio."

Pindo alianza kucheka. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia. Kumbe! Miezi yote hiyo alikuwa akishindana na dereva wa lori asiyejua kufunga plagi. Kazi lazima ilale, eti. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akapiga maji kwa kiganja. Yule bwana alikuwa ametoka ndani ya nyumba, mguu wake na mkono wake.

"Usimcheke," mkewe alisema.

"Nimcheke nani mwingine? Mtu hakujua kitu, anapokea sifa kama—"

"Alijua."

Kicheko kilikatika.

"Siku moja lori liliharibika akarudi mapema. Alinikuta hapo hapo ulipokaa, redio ya jirani imefumuliwa mapajani. Alisimama mlangoni. Nikamwangalia, akaniangalia. Halafu akaurudisha mlango taratibu, akaenda kuzurura huko mpaka akajua nimemaliza. Jioni jirani alipokuja kumsifu, alizipokea sifa, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Ikawa hivyo siku zote. Wakimsifu yeye, ananiangalia mimi. Mpaka anakufa hatukulitamka."

Hapo ndipo wivu wenyewe ulipomshika Pindo. Ule wa mwanzo ulikuwa wa kuchezea. Nyaya zinakatika, utepe unabanduka, friza hata likiwa kubwa namna gani utaliuza upate jingine. Lakini watu wawili walioangaliana juu ya kichwa cha jirani, wakaelewana bila neno, utawafumua kwa mkasi gani? Alikuwa amembomoa marehemu ukutani, kumbe amemkuta amekaa ndani zaidi. Ilimuuma, na safari hii ilimuuma kwa haki.

"Na mimi?" aliuliza. "Mbona na mimi ulinificha?"

"Sikukuficha." Mama Barafu alimgeukia. "Wewe unaweza kusema suruali ya mtu anayepita ng'ambo ya barabara imeshonwa na fundi gani. Nikasema huyu ataona. Nilikiacha kile kijipindo juu kabisa, mahali hata kipofu angekipapasa. Nikasimama hapo, nikangoja. Hukutazama. Ulikuwa unamtafuta yeye tu."

Pindo aliinamisha kichwa. Ukiona vyaelea vimeundwa, wahenga walisema, lakini hawakusema vimeundwa na nani, na yeye hakuuliza.

"Lete tochi," mkewe alisema. "Huku ni giza, na nataka kuweka swichi ya ukutani hapa, tuwe tunaliwasha na kulizima wenyewe mpaka nipate kidude kingine. Shika vizuri. Usitikisike."

Alisogea kwa magoti, akashika tochi. Mama Barafu alijipenyeza nyuma ya friza mpaka ikabaki miguu tu na sauti. Walifanya kazi hivyo, yeye akiomba koleo, bwana akitoa bisibisi, akirudishiwa, akitoa koleo.

"Hodi wenyewe."

Dada Mkubwa alikuwa ameshaingia na ndoo yake. Alisimama kwenye maji, akatazama friza, akamtazama shemeji yake aliyepiga magoti, akaitazama miguu ya wifi yake.

"Kulikoni? Wifi anafanya nini huko?"

"Anatengeneza friza," Pindo alisema.

"Anatengeneza? Wifi yangu? Tangu lini?"

Nyuma ya friza, koleo lilinyamaza.

Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Pindo, na ulikuwa mtamu. Sentensi moja tu. Kaka yako hakujua kufunga hata plagi. Angeisema, na yule bwana angezikwa mara ya pili, kwa kina zaidi, na dada yake mwenyewe akiwa shahidi. Hakuna ambaye angelipapasa friza tena. Alimtazama yule mama. Alikuwa ameshaliegemea, kiganja kimelalia bati, kama kila siku. Alikuwa anamshika nani pale, kama si ndugu yake?

Na akiunyamazia ukweli, akasema mkewe anashikilia tu waya, mtengenezaji ni yeye? Hapo angekuwa mume wa pili kuvaa sifa za mwanamke yule yule. Pindo alimeza mate. Yalikuwa na ladha ya shaba.

"Alifundishwa na marehemu," alisema. "Hakukwambia, dada? Marehemu alimfundisha kila kitu. Na mwanafunzi amempita mwalimu. Feni ile unayonisifia mimi, ni yeye. Mimi sijui hata waya."

Lilimtoka kama jino. Sifa ya yule mtu, kinywani mwake yeye Pindo, ndani ya nyumba aliyotaka kuwa yake. Dada Mkubwa alifunika mdomo kwa mkono, macho yakamlengalenga.

"Nilijua," alisema. "Nilijua kaka yangu hawezi kuondoka na ufundi wote ule. Wifi, na wewe umekaa kimya siku zote hizi! Mtu ana hazina, anaificha." Akavuta kigoda, akakaa, akaanza: unajua, shemeji, kulikuwa na siku moja jirani alileta redio...

Pindo hakuisikia hadithi. Kule nyuma, kwenye vumbi na waya, Mama Barafu alikuwa amegeuza kichwa. Utando wa buibui ulimning'inia kwenye nywele. Alikuwa akimwangalia mumewe, na hakumwangalia hivyo siku ya harusi wala siku yoyote iliyofuata. Pindo naye alimwangalia. Dada Mkubwa alikuwa anaongea juu ya vichwa vyao, na Pindo akajua kwamba hilo nalo hawatalitamka mpaka mmoja wao amzike mwenzake.

"Tochi," mkewe alisema taratibu. "Unanimulika machoni."

"Najua," alisema Pindo.